Mshipi wa Bwana Issa

Kuna kijana anauza madafu hapa mtaani kwetu, anayapakia kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Haipandi, anaikokota. Akiikokota, gurudumu la nyuma linalia krrrrr, krrrrr, na mimi nikiwa nimekaa kibarazani huacha lolote ninalofanya, hata kama kikombe kimeshafika mdomoni. Wajukuu wanadhani napenda madafu. Wananinunulia, nakunywa, si vibaya. Lakini mimi pale huwa nasikia roda.

Hiyo roda nitaifikia. Kwanza niseme tulikokaa.

Tulikaa Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Sasa hivi pale pana ghorofa, wanauza mashuka na mapazia, na nikipita siwezi hata kusema chumba chetu kilikuwa chini ya duka gani. Mama yangu alikuwa akikaanga vitumbua barazani asubuhi. Vitumbua vyake vilikuwa na iliki nyingi kupita kiasi, watu walisema, ila walivinunua hivyohivyo.

Baba yangu mzazi alikuwa kuli bandarini. Kila Ijumaa, akishasali, alinishika mkono tukakata Mnazi Mmoja, tukapita Uhindini, mpaka Feri. Tulikaa kwenye mawe tukavua kwa mshipi. Alikuwa na uzi tu, kauzungusha kwenye kipande cha ubao, na chubwi, yaani kile kirisasi cha kuuzamisha, na ndoana yake. Aliniachia niushike. Samaki akigusa nilisikia kidoleni kabla macho hayajaona kitu. Halafu baba akapata homa, akafa. Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, mengine bado hayajaota. Ule uzi sijui alichukua nani.

Eda ikaisha, siku zikapita, mama akaolewa na Bwana Issa.

Bwana Issa alikuwa seremala, mtu wa Kondoa, huko bara kabisa. Mrefu, mikono mikubwa, mkimya. Alikaa kwenye kiti cha chumbani kwetu kama mtu aliyekuja kumwulizia mwenye nyumba. Mama aliniambia nimwite baba. Sikukataa, ila sikumwita. Nikiwa na haja naye nilisimama mbele yake mpaka anione. Kwa mama nilisema “yule”. Yule anataka maji. Yule karudi. Na yeye alikuwa haniiti vilevile, nadhani aliogopa nisiitike. Tulikaa chumba kimoja sisi wawili kama watu wanaosubiri kuingia kwa daktari.

Tena nilikuwa silali, na chakula nakichokonoa tu. Nilikonda mpaka wapangaji wakaanza kumwuliza mama kama nina minyoo. Jioni moja mama akamwambia mumewe maneno ambayo baadaye alinihadithia mara nyingi, akicheka mahali palepale:

“Huyu mtoto kakosa mshipi, bwana. Marehemu alikuwa anampa mshipi kila Ijumaa. Akirudi hapo anakula, anacheka, analala kama gogo.”

Sasa, sisi wa pwani mshipi ni ule uzi wa kuvulia. Bwana Issa kwao bahari hawajaiona, na mshipi alioujua yeye ni mkanda wa kufungia suruali. Mtoto akipewa mshipi, kachapwa.

Bwana Issa akainamia chini. Mama akaona anafikiri, na kweli alikuwa anafikiri.

Kesho yake akamfuata Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha mbele, bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani kutwa nzima na mdomo wake haupumziki zaidi ya vidole.

“Shikamoo, Bi Tatu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nikuulize jambo la huku kwenu. Watoto hupewa mshipi kila Ijumaa?”

“Wa kiume, ndiyo. Wengine hata katikati ya wiki, ukiwaachia.”

“Ukiwaachia?”

“Si wanautaka wenyewe! Utawanyima?”

“Na wa kike?”

“Wa kike mshipi wa nini? Wana kazi za kufanya.”

Bwana Issa akafikiri tena. “Basi nimpe hapahapa uani?”

“Uani! Umtoboe mtu jicho? Lo, nyie watu wa bara. Mpeleke pwani kwa wenzake.”

Akashukuru, akaingia ndani. Bi Tatu alisema alimwona anaingia mlango wa ukumbini kwa ubavu, kama mlango umepungua.

Nikate kidogo hapa niseme jambo ambalo wakati ule sikulijua. Bwana Issa alilelewa na ami yake, na ami yule alikuwa mtu wa kupiga. Alipiga kwa fimbo, kwa kamba ya ng'ombe, kwa kilicho karibu. Bwana Issa alipopata nguvu za kutembea njia ndefu aliondoka Kondoa kwa miguu, na sababu ilikuwa hiyo wala hakuwa na nyingine. Katika maisha yake hakuwahi kumpiga mtu. Hata misumari, walisema wenzake wa karakana, aliigonga kwa adabu.

Ijumaa ikafika. Kasali, karudi, kasimama mlangoni na kanzu yake. “Twende,” akasema. Mama akafurahi, akanipaka mafuta usoni. Nikatoka naye. Alinitangulia hatua chache njia nzima, na mimi macho yalikuwa kwenye mikono yake, maana haikubeba kitu. Hana uzi, hana chambo. Tulipofika Feri nikakaa kwenye mawe yetu. Wavuvi wawili watatu walikuwa karibu, pantoni ilikuwa inaondoka kwenda ng'ambo.

Bwana Issa akaingiza mkono mfukoni akatoa mkanda. Mkanda wa ngozi, wa kahawia, kaukunja vizuri.

“Mama yako kasema nikupe mshipi,” akasema. Hakunitazama mimi, alitazama pantoni.

Nikautazama ule mkanda. “Huu si mshipi,” nikamwambia. Nadhani ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia bila kutumwa.

“Si mshipi?”

“Wa marehemu haukuwa hivi.”

“Ulikuwaje?”

“Mwembamba. Mrefu. Una ndoana mwishoni.”

Uso wake ukawa kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua. “Ndoana! Mtoto anatiwa ndoana?”

“Na chambo,” nikasema. “Ukiuvuta kwa nguvu unakatika.”

Mvuvi mmoja aliyekuwa anasikiliza aliweka uzi wake chini, akashika tumbo. “Mzee,” akasema, “huyo dogo anataka kuvua samaki!”

Mawe yote yakacheka. Bwana Issa akatazama mkanda, akatazama uzi wa yule mvuvi, akanitazama mimi. Kisha akakaa kwenye jiwe, akajifunika uso kwa ile mikono yake mikubwa, na mabega yakawa yanatikisika. Nikajua anacheka kama wengine. Mpaka leo nasema alikuwa anacheka, ingawa alikaa vile muda mrefu kuliko wote, na alipoondoa mikono viganja vilikuwa vimelowa.

Sasa roda.

Kule karakana lililetwa kabati kuukuu la kutengenezwa, la mfanyabiashara mmoja aliyelinunua mnadani. Ndani ya mtoto wa meza, yaani droo, kulikuwa na kigurudumu cha shaba, upana kama kisahani cha chai, kinazunguka kwenye kijiti kimoja cha katikati, na vishikio viwili vya pembe. Mwenye kabati akasema chukua, mimi sikijui. Karakana nzima hawakukijua. Wa kwanza kasema ni cha saa ya ukutani, wa pili kasema cha kusagia pilipili manga. Bwana Issa alikizungusha, kikalia krrrrr, na hakikusimama mpaka amesahau kwamba amekizungusha. Akakileta Feri kwa yule mvuvi aliyetucheka. Mvuvi akasema Wazungu huvulia hicho, kinafungwa kwenye fimbo, uzi unakaa ndani. Sisi tukakiita roda, kwa kuwa kilizunguka kama roda ya kamba, ile ya kupandishia tanga.

Alitafuta mwanzi mzuri, akauchonga, akautia pete za waya. Roda ikataka kitu cha kuibana kwenye mwanzi isicheze. Kamba zililegea. Basi siku moja alikaa uani akachukua ule mkanda wake, akaukata vipande kwa patasi, akaifunga roda kwa ngozi ile, akaikaza ikawa kama imeota pale. Tangu hapo suruali yake aliifunga kwa kamba ya katani, na mama aliona haya kupita naye mtaani.

Kuvulia roda kulitutesa. Ukirusha, chubwi inakwenda, roda inazunguka vizuri, nawe unafurahi. Tatizo chubwi ikifika majini inatua, roda haina habari, inazunguka tu, na uzi unamwagika humo ndani unakuwa kama kiota cha ndege. Tulikaa kwenye mawe tukifumua mafundo Ijumaa nzima, vichwa vimegusana, wavuvi wakituuliza kama leo tunashona kanzu. Bwana Issa akaijaribu kwa kidole gumba, akabana ukingo. Akibana sana uzi unarudi nyuma, chubwi inatupiga wenyewe. Gumba likaungua mpaka likatoa lengelenge. Mwisho akaipata. Akaushika mkono wangu, akaliweka gumba langu juu ya roda inayozunguka.

“Usiikamate,” akasema. “Iguse tu, ijue upo.”

Ijumaa moja ikalia yenyewe. Krrrrr! Samaki anaondoka nayo. Nikaigusa nilivyofundishwa, nikampa, nikamrudisha, nikampa. Samaki mwenyewe alikuwa changu, si mkubwa wa kusimulia. Mama akamkaanga, nikala mpaka kichwa, na nikalala kama gogo. Bwana Issa alisema ameshiba, akala ugali na maharage.

Hivyo miaka. Kila Ijumaa. Na kila nilipofungua kile kikopo cha chambo, kamba waliovunda, Bwana Issa alisimama akaenda nyuma ya boti moja iliyopinduliwa pale pwani. “Naja,” anasema. Mimi nilijua ana maradhi ya kibofu. Niliwahi hata kumwonea huruma mbele za rafiki zangu.

Mama alikuja kuniambia nikiwa mtu mzima, Bwana Issa ameshazikwa. Alisema tu kwa kupitia, anachambua mchele. Kwao samaki hawakumjua. Harufu yake tu ilimgeuza tumbo, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikwenda nyuma ya boti kutapika. Alimwomba mama asiniambie, nisije nikaacha kwenda.

Roda ninayo, iko juu ya kabati. Uzi ulishaoza, ule mkanda bado umeukamata mwanzi. Na siku gani nilianza kumwita sikumbuki, nimejaribu na sikumbuki. Nakumbuka tu namna alivyorudi kutoka nyuma ya boti, anajifuta mdomo kwa mkono wa kanzu, macho mekundu, anakaa kwenye jiwe lake karibu yangu.

“Vipi, wamegusa?”

“Bado, baba.”