Nilivyofukuzwa Kwenye Shindano la Humusi

Niliwahi kutolewa nje na walinzi wawili kwa kosa la bakuli la dengu. Msicheke.

Naitwa Ibtihaj. Nimezaliwa kambini kwa wakimbizi wa Kipalestina, hapa Saida, Lebanoni. Mama naye hapahapa. Bibi ndiye aliyekimbia kutoka Akka, Palestina, mtoto wake wa kwanza mgongoni.

Mwaka ule mjini kukawa na shindano la humusi, lile rojo la dengu la kuchovya mkate. Nikaponda dengu, nikakoleza ufuta, limau na kitunguu saumu, nikaenda kujipanga mezani.

Jirani yangu alikuwa Abu Tanios, Mlebanoni mwenye mgahawa, mdomo kama cherehani.

"We mama, umekuja kushindana au kujifunza? Humusi ni yetu sisi, dunia nzima inajua!"

"Yenu tangu lini, mzee? Sisi tunaila nyie bado mnatafuna dengu kavu!"

Watu mbavu hawana. Asubuhi nzima tukarushiana vijembe.

Mara akapita msimamizi na vibao. Kila mtu aandike asili ya humusi yake. Nikaandika: PALESTINA.

Akakisoma, akakilaza kifudifudi.

"Nchi hii haimo kwenye orodha, dada yangu. Andika Lebanoni. Ni jina tu."

Damu ikanichemka.

"Nikiomba kazi nanyimwa, naambiwa mimi Mpalestina. Leo nimepika kitamu, ndiyo nimekuwa Mlebanoni?"

"Tafadhali dada. Andika, au utupishe."

"Sifuti hata herufi moja."

Wakaitwa walinzi. Bakuli nikalibeba mwenyewe. Kichwa juu.

Nikaketi kwenye ngazi za nje. Machozi yalitaka kutoka, nikayakatalia.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Abu Tanios! Na sinia lake zima.

"Na wewe umefukuzwa?"

"Nimejitoa. Nimebishana na Mpalestina tangu asubuhi, halafu waniambie hayupo? Sasa nimshinde nani, kivuli?"

Akaketi kando yangu, akamega mkate, akachovya kwenye bakuli langu. Akatafuna taratibu.

"Limau limezidi," akasema.

"Ulimi wako ndio umezoea maji."

Akacheka hadi akapaliwa. Akachovya tena.

Jamani, anayekubishia mchana kutwa, huyo anajua kwamba upo. Wa kumwogopa ni yule anayekuita dada yangu huku anakuomba, kwa upole kabisa, ulifute jina lako.

Usilifute.