Baba Alilala Kwenye Kila Gari

Maranda ya paini yakilowa mvua hutoa harufu kali, inayokaribia ile ya dawa ya kikohozi. Juzi niliinusa nikipita nje ya karakana ya watu nisiowajua, kwenye mji ambao bado sijauzoea, na hapo hapo mwili ukaanza kunisumbua. Nilitaka kuondoka, nilitaka kubaki, sikujua nataka nini. Harufu hiyo hunifanyia hivyo kila mara. Hunirudisha Mafinga, mwaka niliomaliza kidato cha sita, mwaka ambao baba yangu aliamua kuninunulia gari.

Hatukuwa watu wa magari. Baba alikuwa seremala wa vitanda na makabati, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu, mbali na lami, kwenye njia ya udongo mwekundu iliyochimbwa na malori ya magogo. Kiangazi tulikula vumbi, masika tulivuta miguu kwenye tope. Yeye mwenyewe hakuweza kuendesha. Mwaka niliozaliwa, gogo lilimviringikia, goti la kushoto likagoma kukunjika. Mguu ule ulinyooka kama mpini wa jembe, awe amesimama au amekaa, na kanisani alikaa ukingoni mwa benchi ili apate pa kuupeleka. Mama aliogopa usukani kuliko nyoka. Nilibaki mimi, Lusia, mtoto wao pekee.

Kwa hiyo nilipelekwa Iringa kwa shangazi, nikajifunze udereva. Nilifundishwa kuondoa gari kwenye mlima wa Ipogolo bila kurudi nyuma, na mwalimu aliyetafuna karanga muda wote huku akikanyaga breki yake ya pili kila nikikohoa. Leseni niliipata. Nilipata na ugonjwa. Jirani wa shangazi alikuwa na kigari cha buluu, kifupi, chenye vioo vyeusi na redio iliyotetemesha madirisha ya mtaa mzima. Nilikitamani hadi chakula kikapungua ladha. Niliporudi nyumbani na kusikia Baba ameuza mashine yake kubwa ya kuranda ili tupate gari, sikuuliza ni gari gani. Kichwani mwangu lilikuwa la buluu tayari.

Gari la kwanza tulilokwenda kuona lilikuwa la mwalimu mmoja pale pale Mafinga. Kigari safi, kimetunzwa. Baba alimsalimia mwenye gari kwa Kihehe, kamwene, wakaulizana habari za mashamba, kisha akalizunguka gari mara moja. Hakuuliza habari za injini, wala hakupiga tairi teke kama wanaume wengine. Alifungua mlango wa nyuma, akavua viatu, akavipanga chini vizuri kama mtu anayeingia chumbani kwake, akajilaza kwenye kiti.

Mguu ule wa kushoto ukabaki nje.

Aliniambia nifunge mlango. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba haufungiki. Alijaribu kichwa upande huu, akajaribu upande ule, akajikunja alivyoweza, kisha akatoka, akavaa viatu na kumshukuru mwalimu. Tukaenda zetu. 

Nilidhani ni mambo ya siku moja. Lakini alilala kwenye gari la mchungaji. Alilala kwenye gari la mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mbele ya wateja wake, na yule mama akaniuliza kama mzee anaumwa. Jioni Baba alizunguka uani na kigongo chake cha kutembelea, toka karakana hadi mlango wa jiko, toka jiko hadi karakana, maranda yakinasa kwenye soksi zake. Mama alimtazama kupitia dirishani, akaendelea kuchambua maharage. Nilipomlalamikia kwamba Baba ananiaibisha, alinijibu kwamba Baba anajua anachokitafuta, nimwache.

Kwa kuwa Mafinga hapakuwa na lililomridhisha, tuliamua kwenda Mbeya. Asubuhi tukiwa barabarani, dereva wa lori la mbao, mteja wake wa miaka mingi, alisimama akatuita tupande naye mbele, anakwenda Tunduma. Nilishaweka mguu kwenye ngazi. Baba alinivuta blauzi, akamshukuru yule dereva, akamwambia tutapanda basi. Mawingu yalikuwa mazito na basi lilichelewa, tukanyeshewa vizuri. Nilinuna hadi Makambako. Igawa tulishuka kwa sababu abiria mmoja alimwambia Baba kuna gari linauzwa kwa mfanyabiashara wa mchele. Alilala humo pia. Mguu nje. Tukapanda basi jingine, na kila basi liliposimama Baba naye alisimama, akakaa, akasimama tena, hadi abiria wa nyuma akamwuliza kama amepitiliza kituo chake.

Mbalizi, mbele kidogo ya Mbeya mjini, ndiko tulikomkuta Ambokile, dalali mwenye kofia ya sufu na maneno mengi, aliyekuwa na uwanja mzima wa magari yaliyokwisha kutumika. Na pale, ndugu zangu, kilikuwepo kigari changu. Buluu ile ile. Vioo vyeusi vile vile. Ambokile alisoma uso wangu hata kabla sijafungua mdomo, akanipa ufunguo. Nilikizungusha mtaani, nikabadilisha gia kama ninayepiga kinanda, nikajiona kwenye kioo cha duka nikajipenda. Niliporudi nilimwomba Mungu kimoyomoyo Baba asivue viatu.

Alivua.

Safari hii hata mgongo haukuenea. Alijikunja kama mtoto, mguu ukatokeza nje, soksi imetoboka kidole gumba. Vijana waliokuwa wakiosha magari waliacha matambara yao kuja kutazama. Mmoja aliuliza kama mzee anatafuta gari au nyumba ya wageni, wenzake wakacheka, na mimi machozi yakanitoka pale pale.

“Baba,” nilimwambia, “mimi ndiye nitakayeendesha. Dereva hana haja ya kulala.”

Alikaa taratibu, akaanza kuutoa mguu wake kwa mikono miwili.

“Najua utaendesha wewe,” alisema. “Lakini nataka gari ambalo mtu anaweza kulala ndani yake.”

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika, ningepata wa kugombana naye. Ambokile, ambaye hakutaka mteja atoke mikono mitupu, alikuna kichwa akasema kuna gari hii moja huko nyuma, ndefu, ila binti hataipenda. Alisema kweli. Lilikuwa limebeba vitunguu na kabichi miaka mingi, jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa, refu kama benchi la kanisani, harufu ya vitunguu imeingia hadi kwenye mikanda. Viti vya nyuma vikilazwa, sakafu ilikuwa tambarare hadi mlango wa nyuma.

Baba alijilaza. Mguu ukaingia. Nikafunga mlango, ukafungika.

Nilisubiri atoke. Hakutoka. Ambokile alichungulia kioo, akanigeukia kwa macho ya kuuliza, nikapandisha mabega. Nilipofungua mlango wa dereva nilimkuta Baba amelala chali, macho wazi, anatazama dari lililochanika kitambaa.

“Endesha,” aliniambia.

Niliendesha kwa hasira. Njia ya nyuma ya soko ilikuwa ya mashimo na mawe, nami sikukwepa hata moja. Baba hakulalamika. Kwenye kioo cha ndani niliona mkono wake umeshika ukingo wa dirisha hadi mishipa imesimama, na midomo yake inatembea bila sauti. Hapo nikaanza kuogopa, nikapunguza mwendo. Akasema kwamba nikiona shimo nisikanyage breki ghafla, nipunguze mapema, niliache gari lishuke lenyewe kisha nipande taratibu. Nikafanya hivyo. Akasema, “Tena.” Tukazunguka tena, na tena, hadi wauza nyanya wa kando ya njia wakaanza kutupungia mikono. Mwisho alikaa, akafuta uso kwa kofia yake, akamwambia Ambokile alete fundi aangalie injini, maana sasa ndipo alipoikumbuka injini.

Siku iliyofuata tulirudi nalo nyumbani. Mlima Nyoka ulitupima, malori yakatupita yakipiga honi, nami nikawaza rafiki zangu watasema nini wakiniona na gari la kabichi. Tulipofika, Mama alitoka akijifuta mikono kwa kanga. Hakuangalia rangi. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akafungua mlango, akapitisha kiganja juu ya sakafu kama anayekagua kitanda.

“Limetosha?” alimwuliza Baba.

“Limetosha.”

Basi.  Wiki ile Mama alikata godoro la zamani likaenea humo ndani, na nikakatazwa kulitoa hata tukibeba makabati.

Masika yalipokolea, Anjelina, jirani yetu, alishikwa na uchungu mchana. Mume wake alikuwa msituni, simu haishiki. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, Mama akapiga magoti kando yake, Baba akakaa mbele karibu yangu na mguu wake mrefu. Ile njia yetu ilikuwa imegeuka uji. Miguu yangu ilijua cha kufanya: kupunguza mapema, kuacha gari lishuke, kupanda taratibu.  Baba alikuwa amegeuka nyuma muda wote, anamtazama Anjelina, na kila Anjelina alipopumua, Baba naye alipumua.

Tulifika hospitali. Manesi walimpokea, na kabla hatujamaliza kupangusa tope, tukasikia kitoto kinalia. Mama alikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Baba hakuweza kukaa. Alitoka akaanza kutembea kwenye mvua, toka geti hadi mti wa krismasi uliokuwa pale, toka mti hadi geti. Nikasema nimwite, atapata homa. Mama akanishika mkono.

“Mwache,” alisema. “Kabla yako alikuwepo kaka yako.”

Akanieleza kwa maneno machache, sauti ya kawaida, kama anayenielekeza kwa mtu. Uchungu ulimshika wakiwa kambi ya wapasua mbao, mvua kama hii. Walipata lifti ya lori. Mbele walibanana watatu, yeye katikati, na hakukuwa na namna ya kulala. Baba alimshikilia wima njia nzima, kila shimo likimtupa juu. Walipofika mtoto alikuwa ameshafariki. Baba alimwuliza daktari swali moja tu, kama angelala ingekuwaje. Daktari alikuwa amechoka, akasema labda.

Nilisikiliza nikadhani nimeelewa. Nililia, nikamhurumia mzee wangu, nikaacha kuona haya kuendesha lile gari. Lakini kuelewa kwenyewe kulinijia miaka mingi baadaye, siku nilipokaa nikapiga hesabu ya umri wake. Kichwani mwangu aliyemshika Mama ndani ya lori alikuwa Baba yule yule niliyemjua, mwenye mvi na kigongo, mtu mzima anayejua dunia. Kumbe mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka kuoa, hajawahi kuona mtu akijifungua wala akifa. Alikuwa kijana tu aliyemkumbatia mkewe kwenye tope, hajui amshike vipi.

Mimi sasa nimemzidi miaka mingi. Leo ningemkuta kijana yule kando ya njia, mvua inamnyeshea, ningemwita mdogo wangu, na ningesimamisha gari.