Kifurushi cha Jeska

Pale Gitega, kwenye nyumba ya wageni anakofua na kupiga pasi mashuka, Jeska wamembandika jina la Dada wa Meli. Espérance, muuza vitenge kutoka Uvira ambaye duka lake linatazamana na geti, hachoki kumchokoza: "Jeska, utuambie tena ile barafu. Ni kweli iko mukubwa kuliko kilima?" Naye Jeska husimulia: barafu ya buluu, ndege wasioruka wanaotembea kwa madaha, upepo unaokata masikio. Jambo moja tu halisemi. Huu ni mwaka wa pili analo rohoni, na kila akilikumbuka uso humwaka kwa aibu.

Ilikuwa siku ya bahari tupu, kusini kabisa mwa dunia, nchi kavu haionekani upande wowote. Abiria walishinda wamejifunika mablanketi nyuma ya vioo, wakinywa supu na kutazama maji ya kijivu. Jeska alikuwa mtumishi wa vyumba katika meli hiyo ya watalii. King'ora kikilia, kazi yake ilikuwa kumshika mkono abiria mmoja kikongwe, mama wa miaka themanini na mitatu atembeaye kwa mkongojo, na kumfikisha kwenye mashua ya kuokolea watu. Katika mazoezi alisifiwa. Alipigwa hata picha amevaa koti la uokozi la rangi ya chungwa, akaituma nyumbani.

Lakini mazoezi hutangazwa. Siku hiyo king'ora kililia bila tangazo, na harufu ya moshi ikapanda kutoka chini. Jeska alikuwa na kikongwe wake kwenye ngazi, amemshika kiwiko. Akamwachia. Tuseme ukweli, ingawa unauma: hakufikiri chochote. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko mama yake, Kasilda, alimkaririsha somo moja tangu mwaka ule walipokimbia vita, mwaka ambao bibi yake alifia njiani kwa homa. Ukisikia kelele ya hatari, chukua kifurushi, kimbia, usitazame nyuma. Na kifurushi alikuwa nacho, mtoto wa watu, chini ya kitanda, ndani ya meli ambamo chakula kilikuwa kikitupwa!

Alipopata fahamu zake alikuwa ameketi ndani ya mashua, wa kwanza kabisa, abiria hata mmoja hajaingia, amepakata kitenge kilichofungwa fundo. Msimamizi wake alikifungua mbele ya wenzake wote. Mlikuwa na mikate mikavu, vipakiti vya sukari, pasipoti na blanketi. Hakumgombeza. Alimwambia tu arudi akamlete mzee wake.

Alimkuta palepale ngazini, ameketi, mkongojo umemponyoka. Moshi wenyewe ulikuwa wa taulo zilizoungua kwenye mashine ya kukaushia, na hakuna aliyeumia. Yule mama alimpapasa shavu, akasema pole, uliogopa mwanangu. Afadhali angemzaba kofi. Mkataba ulipoisha, Jeska hakuomba mwingine.

Pasaka iliyopita alikwenda Muyinga, kule Butihinda, kumsalimu mama yake. Picha ya koti la chungwa ilikuwa ukutani, na jirani yao Venansi ameketi chini yake akisimuliwa jinsi Jeska alivyookoa watu baharini. Kasilda naye hana mkono mwepesi wa chumvi. Waliookolewa walikwisha kufika arobaini. Jeska alitamani ardhi ipasuke immeze.

Venansi alipoaga, mama na mwana wakabaki wakichambua maharage. Jeska akayasema yote, macho kwenye ungo.

Kasilda akauliza, "Ulirudi kumchukua?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mtamu. "Nilitumwa nirudi, mama."

Kasilda aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vinatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

"Bibi yako hakuwa na homa," akasema. "Miguu ndiyo iliyochoka. Nilimkalisha kando ya njia, nikamwambia nakuja sasa hivi."

Jeska akainua macho, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema.

"Mimi," akasema Kasilda, "hakuna aliyenituma nirudi."