Pasi Iliyoanguka Nyansurura

Dada yangu aliyeolewa Mugumu alijifungua mtoto wa kiume, na kanzu ya shemeji ya kuvaa siku ya akika ilinisubiri mimi. Nikafunga kibanda changu cha ushonaji hapa Tarime, nikabeba kitambaa, mkasi na pasi yangu ya mkaa. Pasi hiyo siiachi hata nikienda msibani.

Alfajiri nilipanda lori la dereva Mwita, tukakaa nyuma mimi na abiria wengine, juu ya magunia.

Tulipokwisha kuvuka Mto Mara, barabara ilinyooka na Mwita akakanyaga mafuta. Upepo ukapeperusha majivu yaliyobaki ndani ya pasi, abiria wakawa wanapikicha macho na kunitazama vibaya. Nikaitoa nje ya ubao wa lori ili niikung'ute. Ikaniponyoka. Niliiona ikishuka wima kando ya gurudumu, vile inavyoanguka kutoka mezani kwangu. Papo hapo lori likakata kona, na nyuma yetu nikasikia chungu kikipasuka na watu wakipiga yowe.

Hapo palikuwa Nyansurura. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na ya Bibi Ghati ilikuwa penye kona. Alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Pasi ilipita hatua moja kutoka alipokaa, ikavunja chungu cha maji na kubomoa udongo wa ukuta. Mwita alisimamisha lori, nikaruka chini na kumkimbilia.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako ingoje, mura, we kijana. Sema kwanza kwa nini umenitupia chuma. Hata hapa sikupachagua, tumeletwa na operesheni ya vijiji."

"Sikutupa, bibi. Imeniponyoka tu."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marwa, aliipima pasi mkononi. "Kitu kikikuponyoka kinaanguka miguuni pako. Hiki kimetoka barabarani mpaka ukutani. Utabaki hapa, kesho tukupeleke polisi ukaeleze kwa nini ulitaka kumuua mama huyu."

Abiria waliapa kwamba imeanguka wima. Wanakijiji waliapa kwamba imerushwa. Nilikaribia kulia, kwa sababu niliona hakuna aliyesema uongo.

Ndipo Mwita akaokota kiazi kitamu, akampa mwenyekiti. "Mzee, panda wewe. Nikipiga honi, kiachie. Usikirushe."

Saa nne hivi lori lilirudi nyuma mbali, likaja mbio. Sisi tulisimama kando na bibi. Honi ikalia. Kiazi kilitoka mkononi mwa mzee, kikakimbia hewani sambamba na lori, na lori lilipokata kona chenyewe hakikukata. Kikapasukia ukutani.

Mzee Marwa alishuka taratibu. "Nimekiachia tu," alisema. "Kimeshuka wima, nimekiona kwa macho yangu."

"Marwa," akasema Bibi Ghati, "umenirushia kiazi."

Kijiji kizima kikacheka, na mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Bibi akanigeukia. "Marahaba, mura," akasema, nami nikahisi nimeshushiwa gunia mabegani.

Njiani kwenda Mugumu Mwita alinielewesha. "Fundi, pasi nayo ilikuwa abiria. Mkono wako uliiachia, mwendo wa lori haukuiachia." Ni kweli. Kutoka mezani kwangu pasi hiyo hukwaruza sakafu tu. Nguvu iliyovunja chungu ilikuwa ya lori, na sisi tuliokuwa ndani ya mwendo huo hatukuweza kuiona.

Kanzu ilikamilika, mtoto akapewa jina, tukala pilau mpaka tukachoka.

Siku ya nne nilirudi na chungu kipya, pasi nikiwa nimeifunga kamba kwenye gunia. Bibi Ghati nilimkuta amehamishia kigoda chake nyuma ya nyumba.

"Bado unaniogopa, bibi?"

"Sikuogopi wewe," alisema akikigonga chungu kwa kidole kusikiliza kama ni kizima. "Naogopa lori."

Siku hizi mteja akija kulalamika kwamba nimemtupia neno, nami najua liliniponyoka tu, siapi tena. Namuuliza alikuwa amekaa wapi lilipomfikia.