Majivu chini ya sitaha

Tulikuwa watatu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu: mimi, babu yenu, na mdogo wake, fundi wa kuezeka mabati kule Kilema. Babu yenu alikuwa amenunua mashua ndogo ya tanga, na siku hiyo alitaka kwenda kuvua. Hakujua kuogelea.

Shemeji alikuwa amefunga kwenye sitaha chuma cha kushikia kamba ya tanga. Kila tundu la bolti aliliziba kwa lami na kipande cha mpira wa tairi, kama afanyavyo juu ya paa. Mimi nikatandaza majivu makavu ndani, chini ya bolti, kisha nikamwaga maji juu ya sitaha, nione kama yatapenya.

Shemeji akaingia kuchungulia. Majivu yalikuwa na doa moja.

“Hilo ni jasho langu, shemeji.”

“Jasho lako likadondoke kwako,” nikamwambia. “Fungua!”

Babu yenu akacheka, lakini mashua hakuisukuma. Bolti ilipotoka, tukaona mpira umepasuka. Tulirudi nyumbani bila samaki, na babu yenu akanuna njia nzima.

Wajukuu, kama yeye aliwasimulia vingine, nisahihisheni.