Kigari cha wifi kimebebwa kichwani

Wenye mbeleko zenu, njooni mcheke!

Leo wifi yangu kaja kijijini kwetu Busawe na kigari cha mtoto kutoka mjini. Kanikuta najifunga mbeleko niende kwenye mtihani wangu wa ushonaji.

"Wifi, bado mnabeba watoto kama kuni?"

Haya. Tukamweka mwanangu kwenye kigari.

Kufika njia ya ng'ombe, matope yakameza magurudumu. Wifi anasukuma, anavuta, wapi! Na mtihani ni saa nne.

Nikamtoa mwanangu, dume langu, nikalifunga mgongoni, huyooo nikaenda.

Nimeshona kola nzima dume limelala mgongoni. Mwalimu kaisifu mbele ya wote!

Natoka nje, namkuta wifi, kigari kichwani, matope mpaka magotini.

Nikamwuliza, "Wifi, hizo kuni unapeleka wapi?"