Pezi la Kambare

Asubuhi za Agosti, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya Murera, harufu ya bwawa letu la samaki iliingia jikoni kabla chai haijachemka. Ilikuwa harufu ya tope bichi, majani yaliyooza na samadi ya kuku. Baba, aliyefanya kazi kiwandani Thika, alilichimba bwawa hilo mwenyewe siku zake za mapumziko, akatandaza karatasi nzito ya nailoni, akaleta vifaranga vya kambare ndani ya pipa la plastiki. Majirani walicheka. Wakati huo pale kwetu watu walijua mahindi na ng'ombe. Samaki, walisema, ni chakula cha watu wa magharibi mwa nchi, kule ziwani. Baba hakuwajibu. Sisi watoto, mimi na mdogo wangu Wangari, alitupa amri moja: "Huko kwa bwawa msiende, na samaki msiguse." Hakutuambia kwa nini, nasi hatukuthubutu kuuliza. Baba hakuwa mkali kwa mkono. Alikuwa na ukimya fulani uliotutisha kuliko kiboko.

Nilikuwa na miaka tisa, na shule zilikuwa zimefungwa. Siku moja, baada ya mvua kubwa iliyolifurisha bwawa, nilipita karibu nalo nikienda kukata nyasi za sungura. Kambare mmoja alikuwa ametoka nje, anajikokota kwenye matope, mdomo unafunguka na kufungika. Nilimwonea huruma, lakini zaidi nilimwogopa Baba: akikuta samaki amekufa angeuliza nani alikuwa nyumbani. Nikatupa mundu, nikamshika kwa mikono miwili. Alijipinda mara moja tu, kwa nguvu sijui alizitoa wapi, na kitu kigumu kikanizama chini ya kidole gumba. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Nilimrusha majini, nikaukamata mkono wangu na kuchuchumaa nyuma ya migomba, nikilia bila sauti. Nilipoutazama, niliona tundu dogo tu na damu kidogo. Nikajiambia hakuna atakayejua.

Kesho yake kiganja kilikuwa kimevimba. Mama aliponiuliza nilisema nimechomwa na mwiba wa kayaba, ule mti uliozunguka boma letu. Uongo huo ulinitoka kwa urahisi, na kuanzia hapo ukaanza kuniendesha. Mama alinikanda kwa maji moto ya chumvi. Siku ya tatu alinipeleka dispensari, na muuguzi, kwa kuwa aliambiwa ni mwiba, akautafuta mwiba kwa sindano, asiuone, akatupatia vidonge. Siku ya nne vidole havikukunjika, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kwenye mkono kuelekea kiwiko. Niliutazama mstari ule kama mtu anayetazama nyoka akiingia nyumbani. Jirani yetu, mzee Kariuki, alikuwa amekanyaga msumari, akapuuza, akarudi kutoka hospitali bila mguu. Nilikuwa nimewahi kuona suruali yake iliyokunjwa na kubanwa kwa pini. Sasa kila nilipofumba macho niliona mkono wa sweta yangu ya shule umekunjwa hivyohivyo. Hata hivyo sikusema. Nilikuwa nikihesabu ni kipi kibaya zaidi, kupoteza mkono au Baba kujua, na kwa akili ya miaka tisa nilishindwa kuamua.

Mama aliamua kwa niaba yangu. Tulikwenda hospitali moja mjini Thika, naye akampigia Baba simu atukute huko. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwembamba, na kwa lafudhi yake nilijua ametoka magharibi. Aliugeuza mkono wangu taratibu, akaufuata ule mstari kwa macho.

"Nyambura, ulidungwa na nini?"

"Mwiba."

"Ni kayaba, daktari," Mama akaongezea. "Ile ya ua."

Daktari hakuandika. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Sitakugombeza. Lakini nikitibu kitu ambacho sicho, huu mkono utaendelea kuharibika. Ni mwiba kweli?"

Nilitazama sakafu. "Ni samaki."

"Samaki alikuuma?"

"Hapana. Ni... ni bawa yake. Ile mkono ya samaki."

"Ngai!" Mama alishika kichwa. "Homa imempanda. Kwani samaki ako na mikono?"

Hapo ndipo hofu ilipofika kilele chake. Nilikuwa nimetoa ukweli, na ukweli wenyewe haukueleweka. Sikuwa na neno. Kwa Kikuyu sikulijua, kwa Kiswahili sikulijua, na Kiingereza changu kiliishia kwenye kichwa na mkia. Nililia kwa kelele, nikirudia "mkono ya samaki, mkono ya samaki", na kila niliposema Mama alizidi kuogopa. Daktari akachukua karatasi, akachora samaki mwenye sharubu, akanipa kalamu. Niliweka alama ubavuni, nyuma tu ya kichwa.

"Kumbe pezi," akasema. "Hili linaitwa pezi, Nyambura. Yakiwa mengi, mapezi. Na huyu ni kambare, sivyo? Pezi lake la ubavuni lina mwiba wenye meno kama msumeno. Ukivunjika ndani, hautoki wenyewe."

Walinidunga sindano ya ganzi, wakapasua. Nilifumba macho, lakini nilisikia kitu kidogo kikigonga sahani ya chuma. Walibadilisha dawa, nikalazwa siku tatu, na ule mstari ukaanza kurudi nyuma.

Baba alifika jioni hiyo na nguo zake za kazi. Nilijifunika shuka hadi puani. Mama alimweleza yote, naye akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akanyoosha kiganja chake. Karibu na kidole cha shahada palikuwa na kovu jeupe.

"Hata mimi kambare alinidunga," akasema. "Wiki ya kwanza. Nikanyamaza, nikajua majirani wakisikia watanicheka."

"Ukanyamazia hata watoto?" Mama aliuliza.

Baba alikunja kiganja kile. Sijawahi kumwona mtu mzima akiona aibu kama ile. "Ningewaambia," alisema mwishowe. "Ningewaambia tu."

Neno lile, pezi, lilinifuata kwa muda. Fundi alipokuja kutengeneza injini ya pampu na kumwambia Baba asafishe mapezi yake, vile vibati vinavyoipoza, nilirudi nyuma hatua mbili. Darasa la sita mwalimu aliuliza ndege ana bawa, samaki je? Nilijibu kabla hajamaliza, na mwenzangu akashangaa kwa nini nimeshika kiganja changu. Baadaye nilijifunza kwamba viatu vya mpira vya wapiga mbizi navyo ni mapezi, na kwamba mkia wa ndege ya abiria una pezi lililosimama wima. Mengine yote nilijifunza kwa furaha. Lile la kwanza nililipata kwa kisu.

Leo ninafundisha Kiswahili Ruiru na ninaishi mtaa wa Kahawa Sukari. Mahali lilipokuwa bwawa pamejengwa nyumba za kupangisha. Samaki wanaliwa kila mahali, na wanafunzi wangu wengi wamewaona wakiwa vipande tu, bila kichwa wala pezi. Maneno yao ni machache kuliko nilivyotaka, na mara nyingi huchukua ya Kiingereza. Lakini binti yangu, ambaye sasa ana miaka tisa, akiumia huniambia kabla sijaweka mkoba chini. Huniambia hata makosa yake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, huku anakula. Kila mara mimi hushtuka kidogo, nikingoja kuiona ile hofu usoni mwake, na sijaiona bado.